CSL yenye vioo vya umeme na bampa za chuma: ni ya kweli au si ya kweli?

"Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Coventry. Alikuwa fundi bodi, mzaliwa wa Mombasa. Katika miaka ya 1980 alinunua BMW 3.0 CSL ya mwaka 1973 kwa bei ya kutupa, akaiweka gerejini na kuitunza hadi mwisho. Usukani uko kulia. Sasa mimi na kaka zangu hatujui tufanye nini. Dalali mmoja alikuja kulitazama, akasema si CSL halisi kwa sababu lina vioo vya umeme, bampa za chuma na vitambaa vya kuzuia kelele, yaani ni gari zito tu. Ametupa bei ya CS ya kawaida. Mwingine anashauri tutoe vioo, tuweke madirisha ya plastiki na mapezi yale ya mbio ili lipande bei. Mjomba anataka tulisafirishe Mombasa. Mimi ningependa nibaki nalo na niliendeshe. Ila chini ya mlango wa dereva rangi imevimba, na ukingoni mwa buti kuna malengelenge, ukiyagusa unatoka unga mweupe. Tunaliwasha kila Jumapili kwa dakika tano. Je, gari hili ni la kweli? Na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyote kwa kuondokewa na mzee, Mungu amlaze mahali pema. Fundi bodi aliyenunua gari kama hili wakati watu wanaliona mzigo, kisha akakaa nalo mpaka mwisho wa maisha yake, alijua vizuri alichokuwa nacho.

Nikiisoma barua yako naona watu watatu wanalivuta gari huku na huku, na kila mmoja anasema habari ya bei au ya safari. Jambo lisiloweza kusubiri umelitaja mwenyewe, tena kwa kupita tu: ule unga mweupe. Nitaufikia. Lakini acha nianze na swali la uhalisi, maana mkimwamini yule dalali wa kwanza mtakuwa mmeshauza kabla hatujafika mlangoni.

Kwa jinsi ulivyolieleza, gari lenu lina kila dalili ya kuwa CSL halisi, yaani lile toleo jepesi la BMW 3.0 CS. Yale aliyoyataja kama kasoro ndiyo hasa yanayolitambulisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madereva wa Ford Capri RS 2600 waliwatoa jasho BMW katika ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari ya abiria, wakachukua taji mwaka 1971 na tena 1972. BMW walikuwa na 3.0 CS, gari zuri la milango miwili lenye silinda sita katika mstari mmoja, lakini lilikuwa na kilo 1,400 hivi. Kanuni hazikumruhusu mtengenezaji kulikondesha gari gerejini kwake kisha kulipeleka uwanjani. Sehemu nyepesi zilipaswa ziwemo kwenye magari yanayouzwa kwa wateja, tena kwa idadi iliyowekwa. Ndipo ikaja CSL: mabati ya chuma membamba kuliko ya CS, na milango, boneti na mfuniko wa buti vyenye ngozi ya alumini. Mwaka huo wa 1972 BMW ikamchukua Jochen Neerpasch kutoka Ford hiyo hiyo aje kuongoza idara yake mpya ya mbio. Mwaka 1973 Toine Hezemans akawa bingwa wa Ulaya kwa CSL, na kuanzia 1975 hadi 1979 taji halikutoka mikononi mwa madereva wa gari hilo, ingawa kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 1975.

Sasa, dalali ana gari moja tu kichwani. Ni lile la kundi la kwanza, yale 169 ya kabureta, yenye uzito wa kilo 1,165 hivi. Hayo kweli yalivuliwa karibu kila kitu: madirisha ya pembeni ya plastiki, hakuna vitambaa vya kuzuia kelele, nyuma bampa ya faiba na mbele hakuna bampa kabisa. Mtu aliyeyaona hayo peke yake, au picha zake, akikutana na gari lenu ataona limevishwa nguo nyingi.

Lakini Agosti 1972 mambo yalibadilika. Kipenyo cha silinda kiliongezwa robo milimita, ujazo ukatoka sentimita za ujazo 2,985 hadi 3,003, na kabureta zikaondolewa, ukaja mfumo wa Bosch D-Jetronic wa kupuliza petroli kwa umeme. Robo milimita hiyo haikuwa ya kumfurahisha mteja wa barabarani. Ilikuwa ya kuivusha injini mpaka wa lita tatu, ili uwanjani iingie kundi la juu na iweze kupanuliwa zaidi. Katika mkupuo huo ndipo yalipotengenezwa magari 500 ya usukani wa kulia kwa ajili ya Uingereza. Waagizaji wa Uingereza waliona kwamba mteja wao hatalipa fedha nyingi vile kwa gari linalopiga kelele na lisilo na starehe. Kwa hiyo magari hayo yakaja na kile kilichoitwa kifurushi cha mjini: vioo vya umeme, vitambaa vya kuzuia kelele na mapambo ya chumba cha injini kama ya CS. Bampa pia zilibaki. Uzito ukawa kilo 1,270 hivi. Si mwepesi kama ule wa kwanza, lakini bado ni zaidi ya kilo mia pungufu ya CS, na alumini iko pale pale.

Kwa hiyo CSL ya usukani wa kulia yenye vioo vya umeme ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ningeingiwa na shaka kama ingekuwa haina.

Msinitegemee mimi kwa maneno matupu, wala msimtegemee dalali. Chukua sumaku ndogo, ivingirishe kwa kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe kwenye boneti, milango na mfuniko wa buti. Haitanata. Ipeleke kwenye fenda, itanata, kwa sababu fenda ni za chuma tangu mwanzo. Ikinata kwenye mlango mmoja, usishtuke: magari mengi ya aina hii yaligongwa enzi ambazo mlango wa chuma wa CS ulipatikana kwa bei ndogo, mwenye gari akauweka huo. Hilo linapunguza thamani, halifuti uhalisi. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Mtu anaweza kuchukua CS ya kawaida akaifunga milango ya alumini na kuiita CSL. Kwa hiyo mabati hayatoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni namba.

Namba za chesisi za zile 500 za Uingereza zinaanzia 2285001 na kuishia 2285500. Fungua boneti utafute kibati cha namba, kisha utafute namba hiyo hiyo iliyogongwa moja kwa moja kwenye bati la ndani. BMW ya miaka ile iligonga namba ya chesisi kwenye bloku ya injini pia, hivyo injini ikiwa ni ile iliyozaliwa na gari, mtaona namba inafanana. Zikilingana zote, andikieni hifadhi ya kumbukumbu ya BMW Group Classic kule Munich. Wanatoa barua inayoeleza gari lenye namba hiyo lilitengenezwa lini, rangi gani, na lilipelekwa kwa nani. Barua hiyo ndiyo mtakayomwekea dalali mezani. Usiisugue namba kwa msasa wala brashi ya waya ili isomeke vizuri. Tumia kitambaa, mafuta ya taa kidogo na tochi iliyolazwa pembeni. Namba iliyosuguliwa huonekana kama iliyochezewa, na hakuna barua itakayoiondoa shaka hiyo.

Huyo wa pili anayetaka mapezi anawashauri vibaya zaidi kuliko wa kwanza, japokuwa yeye anaamini gari ni la kweli. Mapezi yanayosimama juu ya fenda, kizuizi cha upepo cha mbele, ukingo wa juu ya kioo cha nyuma na lile bawa kubwa la kwenye buti vilikuja Julai 1973, pamoja na injini ya sentimita za ujazo 3,153. Yalitengenezwa 110 mwaka huo, halafu 57 baadaye, na yote yalikuwa ya usukani wa kushoto. Bawa la nyuma lilikabidhiwa kwa mteja likiwa ndani ya buti kwa sababu sheria ya barabarani ya Ujerumani haikulikubali. Kwa hiyo CSL ya usukani wa kulia yenye mapezi yote ni gari lililovishwa baadaye, na mnunuzi anayejua ataliona kabla hajashuka garini mwake. Mngelitoa gari lenu katika idadi ya 500 zilizorekodiwa, mkaliingiza katika kundi lisilo na hesabu la magari ya kuiga. Tena, ili kulifunga bawa lile lazima mtoboe mfuniko wa buti wa alumini na kupitisha skrubu za chuma, na kila tundu linakuwa mlango wa ugonjwa ninaotaka kuueleza sasa.

Kutu ya chuma mnaijua: ni ya kahawia, inakula bati mpaka linatoboka. Alumini haishiki kutu ya namna hiyo, na ndiyo maana watu hudhani gari lenye alumini liko salama. Ikiwa peke yake, alumini hujifunika utando mwembamba mgumu unaoikinga. Tatizo ni pale inapogusana na chuma, kisha maji yakaingia katikati, hasa maji yenye chumvi. Hapo metali mbili na maji ya chumvi zinakuwa betri ndogo. Mkondo hafifu wa umeme unapita, na katika ndoa hiyo anayetoa ni alumini. Chembe zake zinayeyuka kidogo kidogo na kugeuka ule unga mweupe uliougusa. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa, kwa hiyo unasukuma rangi kutoka chini, nawe unaona lengelenge. Ukiona lengelenge moja juu, tambua kwamba ndani kazi imeanza siku nyingi.

Mlango wa CSL umejengwa kana kwamba unaualika ugonjwa huo. Fremu ya ndani ni chuma, ngozi ya nje ni alumini, na ngozi imekunjwa kuizunguka fremu kama pindo la kanga. Ndani ya pindo hilo metali mbili zimebanana kabisa. Maji ya mvua hupita kando ya mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na yanatakiwa kutokea kwenye matundu madogo ya chini. Matundu yakiziba kwa vumbi na nta ya zamani, maji hulala pale pale kwenye pindo. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza kila majira ya baridi, zidisha kwa miaka hamsini. Ndiyo maana uvimbe wako uko chini ya mlango na ukingoni mwa buti. Ndipo mapindo yalipo.

Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, fungua milango na uangalie ukingo wa chini. Zibua yale matundu kwa kijiti cha mti au cha plastiki, si kwa bisibisi. Likitoka tope, liache likauke, usipulize maji ya kasi ndani. Kisha usiguse malengelenge. Usiyapasue, usiyapige msasa, na hasa usiyasugue kwa brashi ya waya wa chuma, maana brashi ile inaacha vichembe vya chuma juu ya alumini na kila kichembe kinaanzisha betri yake mwenyewe. Mafundi wa alumini walio makini wana zana na msasa wa alumini peke yake, hawachanganyi na wa chuma. Ukimuuliza fundi jambo hilo akacheka, ondoka.

Mpiga rangi wa kawaida atakwambia atasugua, ataweka puti, atapuliza rangi, na utalichukua wiki ijayo. Atakuwa mkweli, utalichukua wiki ijayo na litapendeza. Ila unga uko ndani ya pindo, naye hajaligusa pindo, hivyo utarudi. Tiba ya kweli ni kulifungua pindo taratibu, kusafisha metali zote mbili, kuzitenganisha kwa praima ya epoksi na gundi ya kuziba ili zisigusane tena, kulikunja upya, ndipo rangi ifuate. Ni kazi ya mikono na ya subira. Alumini ya namna hii ukiikunja na kuikunjua ovyo inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo fundi lazima ajue kuilainisha kwa moto wa kiasi. Ikiwa pindo limeshaliwa, fundi mzuri atakata ukanda wa chini tu na kuunganisha mpya. Akipendekeza kutupa ngozi nzima, omba maoni ya mwingine kwanza. Na hata mkibadilisha, bati la zamani lihifadhini. Ni sehemu ya gari.

Hapa pia naomba mumkumbuke baba yenu kama fundi. Huenda alishawahi kuutibu mlango huo, na huenda alifanya vizuri kuliko ninavyodhani. Tafuteni daftari zake, risiti, makopo ya rangi yaliyobaki, picha. Mkijua alitumia nini na wapi, fundi atakayefuata hatabomoa kazi njema kwa kutojua.

Nimekaa sana kwenye alumini kwa sababu ndiyo uliyoiuliza, lakini kusema kweli kinachoua magari haya ni chuma. Bodi zilijengwa na Karmann wa Osnabrück, nzuri kwa macho, zenye mifuko mingi iliyofungika ambayo maji huingia na hayana pa kutokea. Kwenye CSL bati ni jembamba zaidi, kwa hiyo kutu ina kazi ndogo ya kufanya. Maeneo ya kutazama ni pale shokapu za mbele zinaposhikwa na bodi, vizingiti vya chini ya milango ambavyo vina tabaka zaidi ya moja, mguu wa nguzo ya mbele nyuma ya fenda, matao ya magurudumu ya nyuma, na sakafu ya tairi la akiba. Mengi ya hayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama. Linahitaji kupandishwa kwenye lifti ya gereji, na fundi aingize kamera ndogo ya waya ndani ya vizingiti kupitia matundu yaliyopo, bila kutoboa mapya.

Hili ni jambo ambalo barua haiwezi kulimaliza. Lipelekeni kwa mtu anayezijua BMW za umbo hilo, zinazoitwa E9, si BMW kwa ujumla. Lipelekwe juu ya lori, lisiendeshwe. Kama bati linaloshika shokapu ya mbele limeoza, usukani na gurudumu vinaweza kukosa mshiko ukiwa mwendoni, na hilo si la kujaribu. Wakati wa kulipakia na kulinyanyua, mwambieni mtu wa jeki asiweke jeki popote anapoona pamenyooka. Vizingiti vyembamba hubonyea. Hata kuegemea fenda kwa kiuno kunaacha bonde.

Najua pia mtaambiwa kwamba gari la zaidi ya miaka 40 Uingereza halilazimiki kupita ukaguzi wa MOT wa kila mwaka. Ni kweli, mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, na ushuru wake wa barabara ni sifuri, ingawa ni lazima mlisajili katika kundi la magari ya kihistoria na kuomba huo ushuru wa sifuri kila mwaka. Lakini kutolazimika si kukatazwa. Lipitisheni kwa hiari. Ni gharama ndogo kwa macho ya mtu wa tatu asiye na nia ya kununua wala kuuza.

Sasa ile Jumapili. Nafahamu mnaifanya kwa upendo, nyumba isikie tena mlio wa gari la mzee. Acheni. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Injini iliyopata moto sawasawa huufukuza mvuke huo wote, lakini dakika tano hazitoshi kuipa moto. Mvuke unageuka maji ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili. Wakati huo huo mfumo wa kuwashia injini ikiwa baridi unamwaga petroli nyingi, nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kila Jumapili mnaichakaza kidogo na kuitia maji kidogo. Bora ikae kimya mpaka ikaguliwe, na baada ya hapo iendeshwe nusu saa au zaidi, ipate moto kamili, kisha ilale hata mwezi.

Injini yenyewe isiwatie hofu. Ni ya familia ya M30 ambayo BMW iliitumia hadi miaka ya 1990, imara sana, na vipuri vyake vya ndani bado vinapatikana. Adui yake ni kuchemsha. Hedi ni alumini juu ya bloku ya chuma, na ikichemsha hupinda au kupasuka. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza redieta isafishwe, kulanti ibadilishwe, mipira ya maji iwe mipya. Mafuta ya breki nayo yatolewe yote, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limesimama. Mipira ya petroli ibadilishwe yote bila kubakiza, iwe ya aina inayohimili ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, nyie wekeni ile ya daraja la juu ya E5, isiyozidi asilimia 5. Mpira wa zamani unaovuja petroli juu ya injini ya moto umeshateketeza magari mengi ya kale. Na mtu akiwaambia D-Jetronic ni tabu, aifungue aweke kabureta, mwambieni ahsante. Mfumo huo una sehemu chache na unatengenezeka kwa anayeujua.

Turudi kwenye uamuzi wenu. Kuna njia nne, sitazipa uzito sawa.

Kulitengeneza upya lote, kulivua hadi bati tupu na kulirudisha kama jipya, ningeliweka mbali. Ni fedha nyingi sana, mafundi wachache, na mwisho wake mnapoteza kile ambacho hakuna awezaye kukinunua: gari lililobaki kama lilivyokuwa. Kama lifti haitaonyesha uozo mkubwa, tibuni palipougua tu.

Kulipeleka Mombasa, nampenda mjomba kwa wazo lake, na usukani wa kulia ungefaa. Lakini Kenya ina kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo msilipakie melini bila kibali cha maandishi mkononi. Msikubali maneno ya wakala wa bandari. Na hata kibali kikipatikana, fikirini hewa ya pale. Joto, unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima ndiyo maji ya betri niliyoeleza, hata bila mvua. Gari likienda, liwe Nairobi au kwingine bara.

Kuuza si kumsaliti baba. Kama ninyi ni ndugu kadhaa na hakuna mwenye gereji kavu, huenda ndiyo haki kwa gari lenyewe. Ila msiuze kabla ya barua ya Munich, na msimuuzie aliyelikadiria kama CS. Tafuteni makadirio ya maandishi kutoka kwa wauzaji wawili waliozoea E9, na ya nyumba ya mnada. Makadirio hayo mtayahitaji hata mkibaki nalo, kwa sababu gari linahesabiwa katika mali ya marehemu kwa thamani ya soko ya siku aliyofariki, kwa ajili ya kodi ya mirathi. Mkiwa mmeshaandika bei ya CS kwenye karatasi hizo kwa kumwamini dalali, mwambieni wakili wenu mapema. Upande mwingine kuna nafuu: gari binafsi la abiria Uingereza halitozwi kodi ya faida ya mtaji, hata likipanda thamani.

Wewe unataka kubaki nalo na kuliendesha. Ni njia ninayoiunga mkono, kama kaka zako wameridhika kwa maandishi na fungu lao linajulikana. Basi fanya hivi wiki hii: piga simu kwa bima. Bima iliyo kwa jina la marehemu haikulindi wewe, hata gari likiwa limesimama gerejini na moto ukazuka. Omba bima ya thamani iliyokubaliwa, ambapo kiasi kinaandikwa kabla, na usikubali ile ya thamani ya soko, maana mkaguzi wa bima anaweza kuja na fikra zile zile za dalali. Kitabu cha usajili cha V5C nacho kibadilishwe DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza.

Gereji yenyewe, nunua kipimo cha unyevu cha bei ndogo ukining'inize ndani. Kikikaa juu ya asilimia 60 muda mrefu, weka mashine ya kukausha hewa. Turubai la plastiki litoe kabisa, linafunga unyevu chini yake. Tumia la kitambaa linalopumua. Na ukishaanza kuliendesha, chumvi ikimwagwa barabarani, libaki ndani hadi mvua za majira ya kuchipua ziioshe barabara.

Piga picha za kila kitu kabla fundi yeyote hajagusa, hasa mapindo ya milango, sakafu na namba. Ukishaisoma namba ya chesisi, niandikie tarakimu nne za mwanzo tu. Namba nzima usiiweke mahali popote penye watu wengi, wala usimpe dalali picha yake, kwa sababu kuna watu wanaotafuta namba za CSL halisi ili wazigonge kwenye CS.